Mahema Chini ya Mlima: Historia ya Kambi za Duluti na Meru



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee huwa na kurasa za historia. Safari hii kamati imetukabidhi sisi kazi hiyo, na tumechagua jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo: mahema. Sababu mnaijua. Mkutano mkuu wa Desemba utapiga kura juu ya kiwanja kimoja kilicho jirani na msitu wa Duluti. Familia moja ya wazee wetu iko tayari kuukodishia umoja kiwanja hicho ili tuweke eneo la kambi, wageni walale kwenye mahema yao, walipe, na fedha ziende kwenye shule na zahanati. Wako wanaosema mpango ni mzuri. Wako wanaouliza tangu lini Mmeru akaweka tegemeo lake juu ya hema.

Swali hilo ni la haki. Nchi yetu imeona mahema kwa zaidi ya miaka 130, na mara nyingi yalipong'olewa tulibaki tukihesabu hasara. Kabla ya kupiga kura ni vizuri tukumbushane ni nani aliwahi kupiga kambi kwetu, aliomba ruhusa kwa nani, na aliacha nini.

Ziwa na msitu wenyewe

Tuanze na mahali penyewe, kwa ajili ya vijana waliozaliwa mjini ambao wanaijua Tengeru kwa soko la Jumamosi tu. Duluti ni ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, kilomita kama 13 kutoka Arusha mjini. Ukubwa wake ni hekta 60 na kidogo. Limezungukwa na mkanda mwembamba wa msitu wa asili, na ndani ya msitu huo ipo njia ya miguu inayolizunguka ziwa lote. Ukienda taratibu utakutana na kima juu ya miti, kenge akiota jua kando ya maji, na furukombe akilia kutoka upande wa pili.

Msitu huo ni hifadhi ya serikali na leo uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Ukivuka mpaka wa msitu unaingia kwenye migomba, kahawa, mashamba makubwa ya zamani na nyumba za watu. Ndiyo kusema msitu wa Duluti ni kipande kilichosalia, na kila anayeishi kando yake anaishi mlangoni pake. Kiwanja tunachokizungumzia kiko nje ya mpaka huo, upande wa vihamba.

Watu wamekuwa wakija kulala kando ya ziwa hili kwa miaka mingi: wanafunzi, watu wa Arusha mjini wanaotaka hewa, na wageni wa nje walio njiani kwenda mbugani. Wanapiga mahema chini ya miti, wanapika, wanapanda mitumbwi asubuhi kabla upepo haujaanza, kisha wanaondoka. Hayo yote si mageni kwetu. Kigeni ni kwamba sisi wenyewe tuwe wenye kambi.

Misafara ya kutoka Pwani

Mahema ya kwanza yanayotajwa kwenye maandishi kuhusu nchi yetu ni ya misafara. Mwaka 1887 msafara wa Count Teleki wa Hungary na mwenzake Ludwig von Höhnel, uliofunga safari kutoka Pangani, ulifika Meru. Nyuma ya Wazungu hao wawili kulikuwa na mamia ya wapagazi, wengi wao watu wa Pwani na Unguja, wenye kubeba vitambaa, shanga, nyaya, risasi, na mahema yenyewe.

Tufikirie kambi kama ile inahitaji nini. Inahitaji maji karibu, kuni za kila jioni, na chakula cha watu mamia. Msafara haukubeba chakula cha safari nzima. Ulinunua ndizi, maharage, mahindi na mbuzi kwa wenyeji, kwa vitambaa na shanga. Kwa hiyo kambi ililazimika kukaa mahali palipo na watu wenye mashamba na mito isiyokauka, na mlima wetu una vyote viwili. Hapo ndipo ilipoanza biashara ya kambi katika nchi yetu: mgeni alileta hema, mwenyeji alileta chakula, na bei ilipatanwa. Mwenyeji alikuwa na nguvu ya kukataa kuuza.

Usiku wa Oktoba 1896

Nguvu hiyo haikudumu. Mwaka 1896 walikuja wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, kutoka upande wa Uchagani. Mangi Matunda aliwapokea, nao wakapiga hema Akheri wakiwa na nia ya kujenga misheni. Jirani yao alikuwa amepiga kambi Kapteni Johannes, ofisa wa jeshi la Wajerumani wa Moshi, pamoja na askari wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wapiganaji wa Kimeru na wa Kiarusha walizishambulia kambi hizo. Ovir na Segebrock waliuawa, na pamoja nao waliuawa Wachaga waliokuwa wamefuatana nao. Johannes alinusurika. Alirudi na jeshi, na adhabu aliyoitoa ilikuwa kubwa kuliko kosa: watu wengi waliuawa, nyumba na migomba ilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa.

Habari hii husimuliwa kwa namna mbili. Kanisani inasimuliwa kama habari ya mashahidi wa imani, na ni kweli walikuwa watu wasio na silaha za vita, waliokuja kuhubiri. Nyumbani kwa baadhi ya wazee inasimuliwa kama habari ya watu waliotambua kwamba hema la mhubiri na hema la askari, yakisimama bega kwa bega, hayatofautishiki usiku. Hatuoni sababu ya kuchagua moja na kuificha nyingine. Waliouawa hemani walikuwa wageni waliokwisha kupokelewa na Mangi, na kumuua mgeni aliyepokelewa si jambo la kujivunia. Pamoja na hayo, wazee wetu walikuwa wameshaona yaliyowapata majirani baada ya mahema ya askari kusimama.

Mwaka 1902 wamisionari wa Leipzig walirudi na kujenga Nkoaranga. Kanisa, shule na hospitali tunazojivunia leo zina mizizi hapo. Lakini tayari mwaka 1900 Wajerumani walikuwa wamejenga boma la Arusha. Hema la Johannes lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa ukuta wa mawe.

Hema likawa shamba

Baada ya boma yalikuja mashamba. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Wajerumani iligawa ardhi kubwa kuzunguka sehemu za chini za mlima kwa walowezi, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini. Kila mlowezi alianza vivyo hivyo: gari la kukokotwa na ng'ombe, hema chini ya mti, kisha nyumba ya muda, kisha ramani yenye mipaka. Wameru walibaki katikati, juu yao msitu wa hifadhi, chini yao mashamba ya wageni. Kila palipohitajika kwenda mbugani na ng'ombe au kuteremka kwenye maji, njia ilipita kwa mtu mwingine.

Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakuuvunja mkanda ule. Baadhi ya mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani yaliuzwa upya kwa walowezi wengine. Sisi tunaofanya kazi ya hesabu tungesema vitabu vilibadilishwa jina la mwenye mali, lakini safu ya madeni ikabaki ilivyokuwa.

Kambi mbili, serikali moja

Sasa tunafika kwenye miaka ambayo baadhi ya wazee wetu walio hai wanaikumbuka kwa macho yao.

Kuanzia mwaka 1942, Tengeru ilipokea wakimbizi wa Kipolandi. Hawa walikuwa wamefukuzwa makwao na kupelekwa Urusi ya Kisovieti, kisha wakaachiwa, wakapita Uajemi, wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Wengi walikuwa wanawake na watoto, kwa kuwa wanaume wenye nguvu waliingia jeshini. Kambi ya Tengeru ilifikia watu karibu 5,000 na ilikuwa kubwa kuliko kambi zote za Wapolandi barani Afrika. Haikuwa kambi ya mahema. Walikaa kwenye vijumba vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, wakawa na makanisa yao, shule zao na shamba lao, na ziwa Duluti likiwa karibu. Wapolandi wengi waliondoka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Waliofia hapa wapo kwenye makaburi yao pale Tengeru, ambayo yanatunzwa hadi leo, na watoto na wajukuu wa wakimbizi hao bado wanakuja kuweka maua.

Hatuna neno baya juu ya watu hao. Waliteseka, na nchi yetu iliwahifadhi. Tunachotaka msomaji akiweke moyoni ni tarehe.

Mwaka 1947 Tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa taarifa juu ya ardhi za Arusha na Moshi. Kutokana na taarifa hiyo serikali iliamua kuwaondoa Wameru kwenye mashamba namba 31 na 328 upande wa Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, ili eneo hilo wapewe walowezi wa Kizungu wa kufuga ng'ombe. Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa, na familia zikaambiwa ziende Kingori, mahali ambapo wengi walikataa kukaa.

Serikali hiyo hiyo, katika miaka ile ile, chini ya mlima ule ule, ilijua kujenga makazi ya watu 5,000 wasio na kwao, yenye shule na hospitali. Ilijua pia kuwaacha watu 3,000 wenye kwao bila paa katika msimu wa mvua za vuli. Hakuna atakayetuambia kwamba uwezo haukuwepo.

Wameru hawakurudi usiku na mikuki kama mwaka 1896. Walichanga. Umoja wa Raia wa Meru ulikusanya fedha kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuvuka Moshi, ukampata wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka 1952 mzee Kirilo Japhet akafika New York mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza habari za Engare Nanyuki. Kura za mwisho katika Baraza Kuu hazikutosha, na ardhi haikurudishwa kwa kura ile. Lakini jina la Meru lilisikika duniani miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda kusema kwenye jengo lile lile. Kirilo na Seaton baadaye waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kilichotoka mwaka 1967.

Tunapowaomba michango mwaka huu tukumbuke kwamba kuchanga kwa ajili ya ardhi si jambo tuliloletewa na wataalamu wa miradi. Babu zetu walilifanya bila namba ya simu ya kutumia fedha, bila akaunti ya benki ya umoja, na walitoa hesabu kwa watu chini ya mti.

Hifadhi, sinema na wabeba mizigo

Mwaka 1960 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967, mlima wenyewe ulipoongezwa, ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kambi za umma ziliwekwa chini ya kilima cha Tululusia, karibu na lango la Momella, na wapanda mlima wakajengewa vibanda vya Miriakamba na Saddle. Miaka hiyo hiyo Wamarekani walikuja kupiga sinema ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 na ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa John Wayne. Mjerumani Hardy Krüger, aliyecheza humo, aliipenda Momella akanunua shamba huko.

Vijana wetu walipata kazi. Walibeba mahema, walipika, waliongoza wageni, walilinda usiku. Hadi leo ziko nyumba nyingi kwetu ambako karo ya sekondari ilitoka mgongoni mwa mgumu aliyepandisha mizigo ya watu Meru au Kilimanjaro. Kazi hiyo tunaiheshimu. Lakini tazameni mpangilio wake: sisi tuliuza mgongo, na faida ya mahali penyewe ilikwenda kwa mwenye leseni, mwenye gari na mwenye kiwanja. Mgongo unachoka mtu akifika miaka 40. Kiwanja hakichoki.

Turubai letu wenyewe

Hata hivyo si kweli kwamba Mmeru hana hema lake. Ndugu zetu Waadventista wana makambi yao kila mwaka, watu wakihama nyumba zao kwa siku kadhaa kusikiliza neno. Wazee waliopita JKT wanakumbuka kambi za mafunzo. Na hakuna mtu kwetu asiyejua turubai la msibani. Siku hizi ukiona turubai limesimama uani kwa mtu, unapunguza mwendo na kuuliza kuna nini.

Mali ya kwanza kabisa iliyoandikwa kwenye vitabu vya umoja wetu ni turubai mbili na viti. Tulizinunua ili mwanachama akifiwa asihangaike kukodi. Kwa miaka miwili ya mwanzo hatukuwa na daftari la kuazimisha. Turubai moja lilirudi limechanika, viti vikapungua, na kila aliyeulizwa alisema aliyemtangulia ndiye anayejua. Tulipoweka daftari, sahihi na mtu mmoja mwenye ufunguo wa stoo, upotevu ulikoma. Turubai moja kati ya zile mbili bado linatumika. Tunalitaja hili kwa sababu wanaotuuliza kama tunaweza kuendesha kambi wanastahili kujua kwamba tulishawahi kushindwa kuendesha hata turubai, na tulijifunza.

Ukuta uliojengwa na mmoja wetu

Desemba iliyopita wanachama kadhaa wa tawi letu tulikwenda nyumbani na watoto. Nyumba za wazee zilijaa, kama kawaida ya Krismasi, kwa hiyo tulilipa ada ya kambi na kulala usiku mmoja kando ya ziwa. Watoto walifurahi kupita kiasi. Tulipika loshoro kwenye mafiga, moshi ukatuingia machoni, na usiku watoto waliamka mara tatu kuuliza ile sauti ni ya nini. Ilikuwa ya ndege tu.

Asubuhi tulitaka kuwaonyesha njia tuliyokuwa tukiteremkia utotoni kwenda kuchota maji. Hatukuiona. Mahali ilipokuwa pana ukuta na geti. Tulikasirika, tukasema ni walewale wageni, matajiri wasiojua mila. Tulipouliza, tuliambiwa mwenye ukuta ni mwanachama wa tawi letu wenyewe, aliyekinunua kile kihamba kwa ndugu yake aliyekuwa na shida ya matibabu. Alikuwa amelipa bei halali na ana karatasi zote. Njia haikuandikwa popote, kwa hiyo kwenye karatasi haikuwepo.

Hatutaji jina, na tumezungumza naye kindugu. Tunalisema kwa sababu tumesimulia hapa habari za Wajerumani, Makaburu na Waingereza, na ingekuwa unafiki kunyamaza juu ya zamu yetu sisi. Vihamba karibu na ziwa vinakatwakatwa na kuuzwa na sisi, vinanunuliwa na sisi, na baada ya miaka michache mtoto wa Tengeru ataliona Duluti kupitia geti. Familia inayotaka kutukodishia kiwanja imeshafuatwa na wanunuzi. Wameturudia sisi kwanza, na hawatasubiri milele.

Maswali manne kabla ya kupigilia mambo

Kutokana na yote tuliyoyasimulia, tumependekeza kwa kamati maswali manne ambayo lazima yajibiwe kwa maandishi kabla hema la kwanza halijasimama.

La kwanza: kwa ruhusa ya nani? Ardhi ibaki mali ya familia. Umoja uwe mpangaji kwa mkataba wa pango wenye miaka inayojulikana, uliosomwa mbele ya ukoo mzima, wakiwemo akina mama na mabinti, na mbele ya serikali ya kijiji. Njia ya kwenda ziwani iandikwe kwenye mkataba huo na ichorwe kwenye ramani yake.

La pili: maji na kuni vitatoka wapi, na uchafu utakwenda wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa. Kiwanja chetu kiko mbali zaidi ya hapo, na vyoo na jiko vitajengwa upande wa juu kabisa, mbali na maji. Kuni zitanunuliwa kwa wenye miti yao ya kupanda, hakuna atakayeokota hata ukuni mmoja msituni. Wageni wakitaka kuingia hifadhini wataingia kwa utaratibu na malipo ya TFS kama watu wengine wote.

La tatu: fedha zitaingia mfuko gani? Hapa tunaruhusiwa kusema kama wahasibu. Tuchukue mfano tu, ili kila mtu aone hesabu inavyokwenda: mahema 6 kwa usiku, usiku 100 kwa mwaka, shilingi 20,000 kwa hema. Hiyo ni shilingi milioni 12. Toa pango la familia, mishahara ya mlinzi na msafishaji, maji, matengenezo, kodi na tozo za halmashauri. Ikibaki nusu, ni shilingi milioni 6 kila mwaka, na kiwanja bado kipo. Anayeuza kiwanja anapata kiasi kikubwa kwa siku moja, lakini mwaka wa pili mstari huo kwenye daftari lake ni sifuri. Mfano huu si ahadi. Mwaka wenye wageni wachache tutapata kidogo, na tutawaambia. Kila mgeni apewe stakabadhi, daftari la wageni likaguliwe kila robo mwaka, na hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu na pia kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu majirani ndio watakaosikia kelele.

La nne: hema likiondoka kinabaki nini? Kwenye mkataba tutaandika kwamba hakuna ukuta wa mawe utakaojengwa. Uzio utakuwa wa miti ya asili. Majengo ya kudumu ni vyoo, jiko na chumba cha mlinzi. Pango likiisha na familia isitake kuendelea, wapate ardhi yao ikiwa na miti mingi kuliko ilivyokuwa siku tuliyoingia.

Tunachowaomba

Makadirio kamili yako kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki, yakiwa yamepitiwa na kamati ya fedha. Michango ya mwaka huu imegawanywa sehemu tatu: pango la awali na gharama za kisheria, vyoo na maji, na miche ya miti ya asili kwa ajili ya uzio. Asiye na fedha achangie siku ya kazi. Desemba tutaanza kuchimba mashimo ya miche, na majembe tunayo.

Wazee walio na kumbukumbu ya njia za zamani za kuteremka ziwani, tunawaomba sana waje siku ya mkutano mkuu. Tumeandaa karatasi kubwa na kalamu, na kijana mmoja wa kuchora. Tungependa njia hizo ziandikwe mbele yenu, mkiwa hai na mkiona wenyewe, kabla ya kupiga kura.

Mwenzetu mwenye ukuta ametuahidi kuhudhuria. Amesema akionyeshwa ilipopita njia yuko tayari kufungua mlango mdogo upande wa chini. Tumemwandikia kumshukuru, na barua hiyo tumeiweka kwenye faili la kiwanja.